Nani Anabaki na Mtoto: Malezi ya Mchana katika Pwani ya Bagamoyo

Mtoro bin Mwinyi Bakari alizaliwa Dunda, jirani na Bagamoyo, karibu mwaka 1869. Baadaye alifundisha Kiswahili mjini Berlin, na mwaka 1903 maelezo yake ya desturi za Waswahili yakachapwa Ujerumani katika kitabu kilichoandaliwa na Carl Velten. Watafiti wengi hukifungua kitabu hicho wakitafuta habari za misafara, ndoa, pepo na ngoma. Mimi hukirudia kwa ajili ya kitu kilicho adimu katika maandishi ya zama zile: mtu wa Bagamoyo mwenyewe akieleza kwa utaratibu namna mtoto anavyopokewa duniani, tangu mimba na mkunga, siku arobaini za uzazi, hadi siku anapopelekwa chuoni kukaa mbele ya mwalimu wa Kurani.

Mzazi wa leo akizisoma habari hizo huku akiwaza nani atabaki na mtoto wake kesho asubuhi, ataona kwamba wahenga wake hawakuwa na haja ya kuuliza hivyo. Alikuwapo bibi, alikuwapo shangazi, alikuwapo somo wa mama. Alikuwapo dada wa miaka minane au tisa aliyembeba mdogo wake kwa mbeleko na kucheza naye uani mpaka usingizi umchukue. Mtoto mchanga alikwenda shambani mgongoni mwa mama na kulazwa kivulini. Akifika umri wa kutulia na kusikiliza, chuo kilimpokea kwa sehemu ya siku, na mwalimu akawa na ada yake, zawadi zake, pamoja na kazi ndogo ndogo za kuteka maji na kuokota kuni ambazo wanafunzi walimfanyia.

Malezi hayo hatuwezi kuyaita ya bure. Yalilipiwa kwa muda wa wasichana, na katika nyumba za wenye mali yalilipiwa na watumwa. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said aliyezaliwa Mtoni, Unguja, mwaka 1844 na kuja kujulikana Ujerumani kama Emily Ruete, alieleza katika kumbukumbu zake zilizochapwa mwaka 1886 jinsi watoto wa kasri walivyonyonyeshwa na kulelewa na watumwa wa kike. Nani alibaki na watoto wa wanyonyeshaji hao, hilo limeandikwa kwa uchache sana. Nalitaja mapema kwa sababu litaturudia katika kila zama. Pwani hii haijapata kukosa mtu wa kubeba gharama ya mtoto mdogo wakati mama hayupo. Kinachobadilika ni nani anayeibeba. Na sheria, ilipokuja, ilidai choo, uzio, daftari na cheti cha mlezi, mambo ya haki kabisa kudaiwa, ila mlipaji haikumtaja.

Taasisi ya kwanza ya pwani hii kukusanya watoto wadogo chini ya paa moja na kuwalea kwa fedha za kuchangwa ilikuwa ya watoto wasio na nyumbani kwa kurudi. Misheni Katoliki ilikuwa imeanza Unguja mwaka 1860, pale Padri Armand Fava alipofika kutoka kisiwa cha Réunion akiwa na mapadri wenzake na masista wa shirika la Mabinti wa Maria. Mapadri wa Roho Mtakatifu wakaipokea kazi hiyo, na mwaka 1868 Padri Horner akavuka kuja Bagamoyo, ambako Sultani Majid aliridhia wapate ardhi nje kidogo ya mji. Huko walijenga nyumba za wavulana na za wasichana, wakapanda minazi na miembe, na wakaanza kupokea watoto waliokombolewa utumwani.

Fedha ilitoka wapi? Sehemu kubwa ilitoka kwa watoto wengine. Mwaka 1843 Askofu Charles de Forbin-Janson wa Nancy, Ufaransa, alikuwa ameanzisha chama ambacho Wakatoliki wa Tanzania wanakijua leo kama Shirika la Utoto Mtakatifu. Kila mtoto mwanachama alitoa sarafu moja ndogo kwa mwezi na kusali sala fupi. Sarafu hizo, zikikusanywa parokia kwa parokia katika Ulaya, ndizo zilizowakomboa watoto kwenye soko la watumwa la Unguja, zikawanunulia chakula na nguo, na kuendesha nyumba walimolala Bagamoyo. Masista ndio waliobeba mzigo wa kila siku: kuuguza, kuogesha, kulisha, kufundisha kushona. Kipindupindu cha mwaka 1869 na 1870 kiliua wengi kote pwani na visiwani. Kisha, Aprili 1872, kimbunga kilichopiga Unguja na mrima kikaangusha majengo ya misheni na kung'oa miti. Walijenga upya. Sir Bartle Frere, mjumbe wa Uingereza aliyetumwa kumshinikiza Sultani Barghash akomeshe biashara ya watumwa, alifika Bagamoyo mwaka 1873 na kuisifu misheni hiyo kwa maneno mazito. Mkataba wa Juni mwaka huo ulipofunga soko la Unguja, watoto waliendelea kuletwa, wakiwamo walioshushwa kutoka majahazi yaliyokamatwa na manowari za Kiingereza.

Wapo wanaoisimulia habari hii kama hadithi ya wema mtupu. Haikuwa hivyo. Mapadri waliwapendelea watoto kwa sababu mtoto hulelewa akawa Mkristo kwa urahisi kuliko mtu mzima. Watoto walifanya kazi katika mashamba ya misheni. Na wakikua walioana wao kwa wao, wakakaa katika kijiji cha Wakristo chini ya macho ya mapadri. Watoto wa mji wenyewe, watoto wa Washomvi na Wazaramo, wa mafundi wa majahazi na wa wapagazi wa Kinyamwezi waliopiga kambi wakingoja safari, hawakuhusika. Wao walibaki na bibi, na dada, na mwalimu wa chuo. Lakini kama mfano wa namna ya kuendesha nyumba ya watoto, misheni iliacha jambo la kukumbukwa: nyumba ile ilidumu kwa sababu mshahara na chakula vililipiwa na mfuko mpana wa watu wa mbali, bila kumtegemea mzazi aliye mlangoni.

Utawala wa Wajerumani na wa Waingereza naupita haraka, maana kwa mtoto wa chini ya miaka sita uliacha kidogo. Bagamoyo ilikuwa makao makuu ya Wajerumani hadi 1891, Dar es Salaam ilipoichukua nafasi hiyo, na mji ukaanza kupungua. Shule za serikali zilitafuta vijana wa kuwa makarani na maakida. Chini ya Waingereza elimu iligawanywa kwa rangi, na kama palikuwa na darasa la watoto wadogo mjini, lilikuwa la watoto wa Kizungu au wa Kihindi. Idara ya ustawi wa jamii yenyewe ilizaliwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia kwa ajili ya askari waliorudi kutoka vitani, na watoto wakaja kuongezwa kwenye kazi zake baadaye. Afisa ustawi wa leo, anayekagua chekechea ya Kiromo au Zinga, anashika kalamu ya ofisi ambayo mwanzo wake haukuwa wa watoto hata kidogo.

Mambo yalibadilika baada ya Uhuru. Mwaka 1962 ulianzishwa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, ambao baadaye ukawa UWT, na mwenyekiti wake wa kwanza akawa Bibi Titi Mohamed. Wanawake waliojaza viwanja vya TANU katika miaka ya hamsini walikuwa mama lishe, wauza vitumbua, wapika pombe na wakulima, watu waliojua vizuri sana maana ya kufanya kazi huku mtoto analia miguuni. Vituo vya kulelea watoto vikawa sehemu ya kazi za Umoja huo. Watu waliviita shule za vidudu, au chekechea, na majina yote mawili yapo mpaka leo.

Azimio la Arusha la 1967 na siasa ya vijiji vya ujamaa vililipa suala hili msukumo mpya. Kijiji kilichopanga kulima shamba la pamoja kilihitaji mikono ya kina mama, na mikono hiyo haikupatikana ikiwa kila mmoja ana mtoto mgongoni. Hivyo vijiji vingi vilitenga jengo, mara nyingi la miti na udongo, vikachagua wasichana wawili watatu waliomaliza darasa la saba kuwa walezi, na kuwalipa posho kutoka mfuko wa kijiji. UNICEF ilisaidia vifaa na mafunzo. Uji ulipikwa kwa unga wa kijiji. Mzazi alichangia kwa jembe.

Halafu likaja Azimio la Musoma, Novemba 1974, lililoamua kwamba kila mtoto wa Tanzania aliyefikia umri wa kwenda shule apate nafasi ifikapo mwisho wa 1977. Katika vitabu vya historia ya elimu, azimio hilo huelezwa kwa idadi ya madarasa na ya walimu. Kwa mtoto wa miaka miwili lilikuwa na maana nyingine: yule dada wa miaka minane, aliyekuwa nguzo ya malezi ya mchana tangu zama za Mtoro, alivaa sare akaenda shule. Ilikuwa haki yake, na hakuna wa kuijutia. Lakini mbeleko ilibaki bila mgongo. Mama aliyezoea kuacha mtoto na binti mkubwa akatakiwa kuchagua kati ya kumkosesha binti masomo, kukaa nyumbani mwenyewe, au kutafuta mlezi wa kulipwa. Naamini hapa ndipo chekechea ilipoacha kuwa pambo la kijiji cha mfano, ikawa hitaji la kila nyumba, na nashangaa jinsi uhusiano huu unavyosemwa kwa nadra.

Serikali ilikuwa imeshatunga sheria ya kusimamia makao ya watoto mwaka 1968. Vituo vya mchana vilisubiri miaka kumi na mitatu zaidi, mpaka ilipopitishwa Sheria ya Vituo vya Kulelea Watoto Wadogo Mchana, Namba 17 ya mwaka 1981. Kwa mara ya kwanza, kumpokea mtoto wa mtu mchana kukawa jambo la kusajiliwa na kukaguliwa. Ilikuwa hatua kubwa. Mzazi alipewa haki ya kudhani kwamba mahali palipo na kibao na namba, kuna mtu wa serikali aliyepaona kwa macho yake.

Bahati mbaya ya sheria hiyo ni wakati wake. Nchi ilikuwa imetoka tu kwenye vita vya Uganda, bei ya mafuta ilikuwa juu, maduka yalikuwa matupu, na mwaka 1986 Tanzania ikakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa juu ya masharti yaliyobana matumizi ya umma. Shamba la kijiji lilikuwa limekwisha kufa, na mfuko uliomlipa mlezi ukafa nalo. Wasichana wale wakaondoka, maana posho haikuja. Majengo mengi yakawa maghala au ofisi. Ada ikarudi, na ilirudi mikononi mwa mzazi peke yake. Mjini wakajitokeza watu binafsi waliofungua chekechea, kwanza za Kiswahili, baadaye za mchepuo wa Kiingereza zenye sare na basi la kubeba watoto. Zilipata wateja kwa haki, lakini hazikufunguliwa kwa ajili ya mke wa mvuvi.

Wakati huohuo, kaskazini zaidi katika pwani hiihii, Mombasa, kulikuwa na jaribio ambalo Bagamoyo ingefaa kulitazama kwa makini kuliko ilivyofanya. Mwanzoni mwa miaka ya themanini viongozi wa Kiislamu wa pwani ya Kenya waliona watoto wao wakiingia darasa la kwanza nyuma ya wenzao, wakamwomba Aga Khan msaada. Kazi akapewa Bi Swafiya Muhashamy-Said, mwalimu mzoefu wa hapohapo. Badala ya kujenga shule mpya alitumia chuo kilichokuwapo: madrasa ya msikiti, watu wanaoiamini, wakati ambao mtoto tayari amezoea kwenda. Humo akaingiza michezo, hesabu za kwanza, hadithi na nyimbo, kwa vifaa vya kuokotwa: vifuu, makombe ya pwani, kokwa, vipande vya khanga. Walezi walikuwa wanawake wa mtaa uleule waliofunzwa kwa muda na kisha kutembelewa mara kwa mara. Madrasa ya kwanza ya namna hiyo ilianza mwaka 1986. Mradi ukavuka kwenda Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993, na shule zake zikapita mia mbili.

Kilichonivutia zaidi ni mahesabu yake. Waendeshaji waligundua mapema kwamba shule haikushindwa kwa kukosa elimu ya mlezi. Ilishindwa mwezi ambao ada haikutosha kumlipa. Kwa hiyo, kwa shule zilizokwisha kukomaa, walibuni mfuko mdogo wa kudumu: jamii ilichangisha kiasi chake, Wakfu wa Aga Khan ukaongezea, fedha zikawekezwa pamoja, na faida ya kila mwaka ikarudi shuleni kusaidia mishahara. Haikutosha kuondoa ada, ila iliziba pengo la miezi mibaya. Mtu wa pwani hahitaji kufundishwa jambo hili. Misikiti ya zamani ya mrima na ya visiwani iliishi kwa minazi na nyumba za wakfu, na mazao yake yalinunua mafuta ya taa na kumtunza mwalimu. Kwamba wakfu huo haukuwahi kufikiriwa kwa ajili ya mlezi wa watoto wa miaka miwili ni kwa sababu, wakati ule, mlezi huyo alikuwa nyumbani na hakuwa na mshahara.

Mwaka 2009 Bunge lilipitisha Sheria ya Mtoto, Namba 21, ambayo ilifuta sheria kadhaa za zamani, ile ya 1981 ikiwamo, na kuziweka habari zote za mtoto katika kitabu kimoja. Vituo vya kulelea watoto wadogo mchana vimo humo. Anayetaka kufungua kituo huanzia kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yake, jengo hukaguliwa, habari za usafi na afya huangaliwa, na kibali hutolewa kwa mamlaka ya Kamishna wa Ustawi wa Jamii. Bagamoyo ilikuwa na sababu ya pekee ya kuipokea vizuri sheria hiyo. Miaka ya ukimwi ilileta yatima wengi, na uzuri wa mji, pamoja na historia yake, ulileta wafadhili na watu wa kujitolea kutoka nje. Nyumba za kulelea watoto zikafunguliwa, nyingine njema sana, nyingine zisizo na mwenye kuuliza. Ilikuwa lazima pawe na daftari.

Lakini tuingie katika daftari la upande wa pili, lile la mama anayelea. Tuseme yuko Kerege, na majirani kumi na tano wanamwachia watoto, kila mmoja kwa shilingi 1,000 kwa siku. Wakija wote, mkononi mna shilingi 15,000. Toa unga wa uji, sukari, mkaa, maji, sabuni. Toa wale waliosema watalipa kesho, na wale ambao leo hawakuja kwa sababu mama hakupata biashara. Kinachobaki ndicho mshahara wake. Sasa mwambie ajenge choo kinachofaa watoto, azungushe uzio, asomee malezi, aajiri msaidizi, atenge chumba cha kulala na kiwanja cha kucheza. Kila moja ya madai hayo linamlinda mtoto, na mtoto aliyewahi kutumbukia katika shimo lisilofunikwa angelitaka kuliko sisi. Ila gharama yake ikiingia katika ada, shilingi 1,000 itakuwa 2,000 au 3,000, na wazazi wa kwanza kuondoka ni walewale ambao kituo kilianzishwa kwa ajili yao. Mama huyo ana njia mbili: kupanda bei na kuwapoteza, au kubaki bila kibali na kuomba asionekane. Wengi hubaki bila kibali. Siwezi kuwalaumu, na siwezi pia kumwambia mzazi kwamba hakuna hatari.

Wanaokosa hata hiyo shilingi 1,000 wanajulikana walipo. Kunduchi Mtongani, kwenye machimbo, wanawake wamekaa miaka mingi wakiponda mawe kuwa kokoto kwa nyundo, na watoto wao wamekaa kando yao, chini ya kivuli cha khanga iliyotundikwa kwenye vijiti, vipande vya mawe vikiruka. Soko la samaki la Bagamoyo lina mama wakaangaji wenye karai la mafuta yanayochemka na mtoto anayejifunza kutembea hatua chache tu kutoka hapo. Wengine humwacha mdogo na kaka wa miaka saba, ambaye siku hiyo haendi shule, na hivyo haki iliyopatikana Musoma mwaka 1974 inarudishwa nyuma kimyakimya nyumba moja baada ya nyingine. Wenye uwezo kidogo huleta dada wa kazi kutoka bara. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na bado kila mtu mjini amewahi kumwona dada wa kazi ambaye yeye mwenyewe angepaswa kuwa darasani.

Serikali imefanya jambo kubwa kwa watoto waliokaribia umri wa shule. Sera ya elimu ya mwaka 2014 ilifanya mwaka mmoja wa elimu ya awali kuwa wa lazima, na tangu Januari 2016 ada zilifutwa katika shule za serikali, darasa la awali likiwamo. Watoto wa miaka mitano walihama kwa wingi kutoka chekechea kwenda shule ya msingi ya karibu, na madarasa ya awali yakafurika kupita kiwango cha mwalimu mmoja kwa watoto 25. Kwa chekechea za ada ndogo hasara ilikuwa kubwa: waliondoka wale wakubwa, wanaohitaji uangalizi mdogo na wanaokula wenyewe, wakabaki wa miaka miwili na mitatu, ambao kila mmoja anahitaji mikono zaidi. Na kwa mama anayefanya kazi, darasa la awali humaliza kabla au karibu na adhuhuri. Linamfundisha mtoto. Halimpi mama siku ya kazi.

Saa ndizo zinazosahauliwa mara nyingi katika mipango, na katika pwani hii saa si moja kwa wote. Dar es Salaam imepanda kaskazini kwa kasi, kupita Tegeta na Bunju hadi Mapinga na Kerege, kwa sababu huko kiwanja kilikuwa bado kinanunulika. Kutoka Bagamoyo hadi katikati ya jiji ni kama kilomita 70. Mama wa Mapinga anayefanya usafi katika ofisi za mjini hupanda daladala kabla ya alfajiri kupambazuka na kurudi usiku umeingia. Kituo kinachofungua saa moja na nusu asubuhi na kufunga saa tisa alasiri hakimsaidii.

Mlingotini, kijiji cha pwani hiihii, ni habari nyingine kabisa. Kilimo cha mwani, kilichoanza kibiashara Unguja mwaka 1989 na kufika mrima katika miaka ya tisini, kinafuata maji. Siku za bamvua, maji yakipwa mbali, wanawake huingia baharini asubuhi na kufunga mbegu kwenye kamba mpaka maji yaanze kujaa. Siku za maji mafu kazi hiyo haiendi vizuri, na wengi hubaki nchi kavu. Kwa hiyo mama wa mwani anahitaji mlezi kwa siku kadhaa mfululizo, saa chache kila siku, kisha hamhitaji, kisha anamhitaji tena bamvua jingine. Ada ya mwezi mzima kwake ni kulipia siku ambazo yupo nyumbani. Mlezi naye hawezi kuishi kwa nusu mwezi. Anayetaka kusajili kituo cha Mlingotini afike na jedwali la maji kupwa na kujaa mkononi kabla ya kupanga ratiba.

Desemba 2021, mjini Dodoma, ilizinduliwa Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ambayo watendaji huiita kwa kifupi MMMAM. Ilipangwa kwenda hadi mwaka 2025/26 na kugusa afya, lishe, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama wa mtoto. Kwa mada yetu jambo lake kuu ni kwamba ilivitambua vituo vya kijamii, vile vinavyoanzishwa na kijiji au mtaa wenyewe, kuwa njia halali ya kumlea mtoto mdogo mchana. Kwa maneno mengine, baada ya miaka hamsini hivi, wazo la kijiji cha 1970 limerudishwa mezani, safari hii bila shamba la pamoja la kulilipia.

Kuna mlango mmoja uliopo katika kila halmashauri. Sheria inazitaka zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kuwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi cha wanawake cha Kaole au Kiromo kinaweza kukopa humo kujenga chumba, choo na uzio, na kufikia masharti ya usajili. Huo ni msaada wa kweli. Lakini mkopo hurejeshwa, na marejesho yatatoka katika ada ileile ya shilingi 1,000, huku mlezi akingoja zamu yake ya kulipwa baada ya deni.

Kifungu cha 94 cha Sheria ya Mtoto kinaipa serikali ya mitaa wajibu wa kulinda na kukuza ustawi wa mtoto aliye katika eneo lake. Mwalimu wa awali wa shule ya msingi ya Kiromo analipwa na Hazina, na hakuna mzazi anayeulizwa mshahara wake. Halmashauri ikiamua kuweka katika bajeti yake posho ya mlezi mmoja kwa kila kituo cha kijamii kitakachokubali kusajiliwa na kukaguliwa, ada ya mzazi itabaki kwa uji, mkaa na sabuni, na yule mama wa Kerege atakuwa na sababu ya kwenda mwenyewe kwa afisa ustawi wa jamii kuomba kibali.